Tupeane uzoefu: riwaya uliyoandika bila mpango na kuichapa kwa hela yako

#1 (mwanzisha mada)
Habari zenu wanajamvi. Sisi tunaokaa na kuandika tu, bila kupanga sura wala kurudia mara tano, tusimuliane.

Yangu niliituma kundi la WhatsApp, sehemu moja kila siku saa mbili usiku. Mwisho wa sehemu ya 14 nilimwacha shangazi mtu kasimama mlangoni na kapu la samaki. Wallahi sikujua kaja kufanya nini! Nikalala nalo. Alfajiri likanijia: chini ya samaki kuna hati ya nyumba, imelowa. Hadithi nzima ikageukia hapo. Ningepanga mapema, shangazi yule asingekuwepo. Zilifika sehemu 62, na watu walilipa buku kwa M-Pesa ili waendelee.

#2
Hongera mkuu. Mimi nilichapa nakala 300 bila kuipitia hata mara moja. Mzee niliyemzika ukurasa wa 40 anakunywa chai ukurasa wa 131. Msomaji alinipigia simu akaniuliza kwa upole kabisa, na ule upole ndio uliniuma. Bado naandika bila mpango, ila nina daftari: jina, umri, kovu liko mkono gani. Nikimaliza namsomea dada yangu akiwa anapika. Akiacha kuuliza "enhe?", hapo nakata.

#3
Daftari hilo ni la maana sana. Georges Simenon, yule Mbelgiji wa hadithi za mpelelezi Maigret, aliandika majina na umri wa wahusika juu ya bahasha, kisha sura moja kwa siku mpaka mwisho.

Kwenye kuchapa, muulize fundi kuhusu kurasa 16. Mashine kubwa hukunja karatasi kwa mafungu hayo. Yangu ilikuwa kurasa 163, nikaambiwa nalipia fungu zima kwa kurasa tatu. Usiku huo nilipunguza maneno mpaka 160, na kitabu kikawa bora.

#4
Kwa hadithi ya upelelezi mimi nimeshindwa. Lazima nimjue muuaji kabla sijaanza, la sivyo nadanganya msomaji. Ya mapenzi naachia kalamu.

#5
Mkuu #1, ulipoifanya kitabu uliziacha zile "itaendelea" za kila mwisho, au ulizitoa? Ninazo 48 na nakwenda kwa mchapaji Jumatatu.

#1
Toa zote, ndugu yangu. Ila ya shangazi mlangoni niliacha mstari mtupu.