Waliowahi kujaribu kasi ya Kipchoge na klabu zao, tupeane uzoefu

Mzunguko wa Mwisho
Wadau, jana nimeona tena ile video ya Vienna, tarehe 12 Oktoba 2019, Eliud Kipchoge wa Kenya akimalizia marathoni chini ya saa mbili, akiwapungia mkono waongoza kasi, wale wakimbiaji wa kumshikia mwendo, wabaki nyuma amalizie peke yake. 1:59:40. Machozi yamenitoka, na wala si ya furaha.

Klabu yetu tuliamua kuifukuza ile saa kwa kupokezana kijiti. Kilomita 42.195 kwenye uwanja wa mita 400 ni mizunguko 105 na mita 195. Tulikuwa watu 53. Wenzangu 52 walipewa mizunguko miwili kila mmoja, mimi nikapewa mmoja katikati na zile mita 195 za mwisho. Kila mzunguko sekunde 68. Kwenye karatasi inaonekana kitu kidogo.

Nilipopokea kijiti mara ya kwanza tulikuwa sawasawa na saa. Watu wanapiga kelele, miguu mepesi, nikafyatuka. Mita 200 za kwanza sekunde 31. Nikasikia kocha anaita "punguza, punguza!" lakini nilishachelewa. Kwenye kona ya pili mapaja yakawa magogo. Mikono ikakaza, shingo ikaangalia juu, nikawa namwona wa kumpokeza amenyoosha mkono na hafikiki. Nusu ile ya pili nilitumia sekunde 48. Jumla 79. Nilipoteza sekunde 11 peke yangu, na wenzangu wakaanza kuzifidia moja moja, mtu na mzunguko wake, hakuna aliyenilaumu.

Kijiti kikanirudia saa ikisema 1:59:12. Nilikimbia mita 195 kwa sekunde 36, sikubakiza kitu. 1:59:48. Tulikosa kwa sekunde nane. Nyinyi pigeni hesabu, mimi nimeshaipiga usiku mwingi.

Kijiti Mkononi
Ile kona ya pili. Naijua. Pole sana dada.

Soli Nyembamba
Mbona mmeshuka chini ya saa mbili? Hiyo ni sherehe, si msiba. Halafu tukumbushane, ile ya Vienna haikuhesabiwa kuwa rekodi. Waongoza kasi 41 walikuwa wakiingia na kutoka kwa zamu, vinywaji vinaletwa na baiskeli, mbele kuna gari linamulika mistari ya taa barabarani. Mkenya mwenzake Kelvin Kiptum ndiye aliyeweka rekodi pale Chicago 2023, 2:00:35, kwenye mashindano halisi. Fukuzeni hiyo.

Kiatu Chakavu
Soli Nyembamba, kila akitajwa Kipchoge lazima ulete hilo. Gari halikukimbia kwa niaba yake. Monza mwaka 2017 alisaidiwa vilevile akamaliza 2:00:25, mbona hakushuka chini ya saa mbili? Miguu ilikuwa yake. Na Kiptum, Mungu amrehemu, hahitaji kuinuliwa kwa kumshusha mwenzake.

Soli Nyembamba
Sijamshusha mtu. Nimesema kanuni.

Tredimili
Mkibishana mtanisahau mimi. Sisi hatukuwa na uwanja, tukaamua kupokezana kwenye mashine ya kukimbilia. Tukaiweka kwenye kilomita 21 kwa saa, kila mtu dakika moja, na mkanda hausimami: anayetoka anarukia pembeni kushoto, anayeingia anatokea kulia. Raundi mbili zikaenda vizuri. Ya tatu nikaingia na mguu mmoja kabla mwenzangu hajatoa wake. Sikumbuki kuanguka, nakumbuka ukuta. Mtulinga umevunjika, ngozi ya goti imebaki kwenye mkanda, na mashine bado inazunguka kwa sababu aliyetakiwa kubonyeza kitufe alikuwa amekuja kuninyanyua.

Kijiti Mkononi
Mungu wangu! Na mwenzako je?

Mpasha Misuli
Mfupa uliunga bila upasuaji? Umeshaanza kukimbia?

Tredimili
Mwenzangu mzima. Mkono ulifungwa wiki sita, sasa nakimbia, ila barabarani tu. Naombeni sana, msirukie mkanda unaotembea. Kati ya zamu na zamu, simamisheni mashine kwanza.

Mpasha Misuli
Ushauri kwa wanaojiandaa: pasheni misuli nusu saa nzima, mmalizie na mbio fupi fupi.

Kiatu Chakavu
Nusu saa utakuwa umeshachoka. Dakika kumi zinatosha. Na vaeni viatu vya misumari.

Mpasha Misuli
Misumari kwa mtu ambaye hajaizoea? Kesho yake mashavu ya miguu yanauma, hukanyagi chini. Vaeni mlivyozoea.

Soli Nyembamba
Dada Mzunguko wa Mwisho, kwa mwendo ule mita 100 ni sekunde 17. Wekeni koni kila mita 100, mtu apige filimbi kila baada ya sekunde 17. Ukifika kwenye koni kabla ya filimbi, umeenda mbio kupita kiasi, shusha. Sisi tulifanya hivyo miezi miwili, mwili ukaikariri kasi yenyewe.

Mzunguko wa Mwisho
Asante kaka, hili sikulijua. Tunarudia mwezi ujao, watu walewale 53. Kocha alitaka kunihamishia mwanzoni ambako presha ni ndogo. Nimemwomba aniachie mzunguko uleule. Filimbi naitafuta leo.

Kijiti Mkononi
Ukimaliza utuambie ile nusu ya pili umeikimbia kwa sekunde ngapi.