Tupeane uzoefu: harusi ya Kihindu na matumizi ambayo hukuyaandika kwenye bajeti

MamaKisutu
Wakuu, habari za leo. Kijana wangu anaoa mwanzoni mwa Desemba, na harusi ni Rajkot, Gujarat, kule India, kwao binti. Sisi ni Wagujarati wa Dar, mimi na mama yangu wote tumezaliwa Kisutu. Naomba mliooza, mliooa au mlioolewa mseme ni kitu gani kiliwatoa pesa bila kutarajia. Naanza na yangu.

Mwaka 2019 nilimwoza binti yangu mkubwa hapahapa Dar. Wasiojua kalenda yetu: ndani ya ile miezi minne ya Chaturmas hatuozi. Inaisha baada ya Diwali, mara nyingi Novemba. Katikati ya Desemba inaingia Kamurta, tunasimama tena mpaka Januari 14. Kwa hiyo mwisho wa mwaka inabaki nafasi finyu sana, kila mwenye binti anaikimbilia hiyohiyo, na ndio wakati vuli inanyesha Dar. Nami nikapanga mandap uwanjani, kwa sababu binti alitaka kuolewa chini ya mwembe wa baba yake.

Asubuhi ya harusi mvua ikashuka kama imetumwa. Mandap ni kile kibanda cha nguzo nne ambamo moto mtakatifu unawashwa, na bibi na bwana wanauzunguka. Huwezi kuuzunguka moto uliozimika. Tukaanza kutafuta hema, na wiki ile kila hema la mjini lilikuwa na mwenyewe. Tulilopata lilikuwa milioni mbili na laki nne, la ukubwa uleule niliotajiwa laki tisa mwezi mmoja nyuma nikalikataa. Muhurat, yaani saa ya heri, ya hasta melap, pale mikono ya maharusi inaposhikanishwa, pandit, kuhani wetu, alikuwa ameshaipanga: saa kumi na robo alasiri, na haisogei. Wenye hema hawakutaka ahadi, walitaka noti mkononi kabla ya kushusha bomba hata moja. Bado namwona mume wangu amesimama kwenye tope na sherwani yake, lile koti refu la sherehe, ya krimu, anahesabu noti za elfu kumi zilizogandana kwa maji, anazibandua moja moja kwa kidole gumba. Pesa ile ilikuwa ya kumlipa mpishi.

BabuMakadara
Pole sana mama. Mimi niko Mombasa, nimeoza wawili. Kwangu iliyoniumiza ni sahani. Ukumbi uliniandikia sahani 350 na nikalipa. Kadi zetu zinaandikwa "saparivar", yaani njoo na nyumba yako yote, na watu walinitii. Tulihesabu 412, na kila sahani ya ziada ilikuwa na bei ya juu kuliko ya mkataba. Kisha kuna wale ambao hawana kadi lakini lazima wale: wapiga ngoma za dhol, wapiga picha, madereva, vijana wa mapambo. Hao peke yao walikuwa 23. Kwa binti wa pili niliwahesabu kwanza hao, na nikamwambia meneja anitajie bei ya sahani ya ziada kwa maandishi kabla sijatia sahihi.

NkyaWaArusha
Shikamoo mama. Mimi ni Mchaga, nimeolewa na Mgujarati. Kamati yetu ya harusi ilichangisha vizuri, lakini ilichangisha ya siku moja, kwa kuwa sisi tunajua sendofu na harusi basi. Kumbe kuna siku ya hina, siku ya pithi ya kupakwa manjano, na usiku wa kucheza ngoma ya garba, kila siku na nguo yake. Shangazi zangu watano, chania choli (sketi pana na blauzi yake) tano. Fundi alishona kwa bei ya haraka kwa sababu tulimwendea siku nne kabla.

Lakini lililonigusa ni la mjomba. Kwao kaka wa mama ndiye analeta mameru: nguo na vito vya bibi harusi, na kitu kwa dada yake pia. Hakuna aliyetuambia hadi kesho yake ni harusi. Mjomba wangu ni mwalimu wa shule ya msingi. Alisikiliza, akavaa koti, akatoka. Alirudi saa mbili usiku na doti tatu za vitenge na bangili mbili za fedha kwenye sinia la kukopa kwa jirani. Nililia. Mama mkwe wangu alilipokea sinia kwa mikono miwili, akaligusisha paji la uso, na usiku wa garba alijifunga kile kitenge. Hakuna deni lililobaki, ila angejua mwezi mmoja kabla asingekimbia usiku.

Parklands_Nbi
Dhahabu, mama, dhahabu. Mwanzoni mwa 2024 gramu 10 India zilikuwa kama rupia 63,000. Julai mwaka huo serikali yao ikashusha ushuru wa kuingiza dhahabu kutoka asilimia 15 hadi 6, bei ikateremka, nikasema nisubiri ishuke tena. Aprili 2025 ikapita rupia 100,000. Seti ya mke wangu tukaipunguza, mkufu ukatoka. Nunua kidogokidogo kuanzia sasa. Tena kule India garba ya nje, spika zinazimwa saa nne usiku kisheria, na wageni wetu walifika saa tatu. Tulilipia ukumbi wa ndani palepale.

MamaKisutu
Asanteni wanangu, na wewe kaka wa Mombasa. NkyaWaArusha, leo nimempigia mjomba wa binti nikamwambia asijitese kwa ajili yetu. Nimefungua bahasha ya pembeni, asilimia 15 ya bajeti yote, anakaa nayo shemeji yangu ambaye hajui kusema ndiyo haraka. Nusu nitaibadilisha iwe noti ndogo na sarafu za rupia, kwa sababu kule kila bahasha ya zawadi ni rupia 101 au 501, haiishii na sifuri, na wadogo wa bibi harusi wakiiba viatu vya bwana lazima ulipe papo hapo.

Kimebaki farasi wa kupandwa na bwana harusi. Nimetajiwa bei ya saa moja tu. Msafara wa ngoma ukichelewa njiani, wenye farasi mliwalipaje?