Mashine ya nati ya betri: gumzo la Majirani wa Barani, Malindi

Baba Rehema: Asalaam aleikum wanamtaa. Nataka mashine ya betri ya kufungulia nati za gari, kwa kazi za nyumbani tu: Probox yangu na Noah ya shemeji. Kutoa magurudumu, kubadilisha pedi za breki, shoka (shock absorber) za mbele. Kuna hii inauzwa mtandaoni, imeandikwa 388VF, 1000 Nm, betri mbili, bei ndogo. Inafaa?

Fundi Kahindi: Waaleikum salaam Baba Rehema. Hiyo iache. Lakini kabla ya mashine tuangalie nati zenyewe zinataka nini. Probox ina nati nne kila gurudumu, soketi 21, na Toyota wanataka zikazwe kwa 103 Nm, yaani nyutoni-mita, kipimo cha nguvu ya kuzungusha. Noah ina nati tano, soketi ileile, 103 ileile. Nati safi hufunguka kwa nguvu isiyo mbali na hiyo iliyoikaza. Shida yetu huku pwani ni chumvi ya hewani inayokula studi, zile bolti zinazobaki kwenye gari nati ikitolewa, halafu vijana wa pancha wanaokaza kwa kusimama juu ya spana. Kwa hiyo hesabu mara mbili, mara tatu. Mashine yenye 300 hadi 400 Nm za kweli inamaliza kazi zako zote ulizotaja.

Baba Rehema: Ahsante fundi. Lakini si bora nichukue ya 1000 kabisa? Ikizidi kuna hasara gani?

Fundi Kahindi: Hasara ipo. Mashine ya 1000 ya kweli ikiwa na betri yake inapita kilo tatu, na kichwa chake ni kirefu. Ukiwa umelala chini unatafuta bolti ya brakiti ya breki, haiingii. Pili, studi ya Probox ni ya milimita 12 tu. Kijana akibonyeza sekunde mbili zaidi wakati wa kukaza, studi inavutika kama ubani. Haikatiki siku hiyo. Itakatika baadaye ukiwa njiani, na hutajua kwa nini.

Dada Mwanaisha (hadiwea): Niongezee hapo kwenye namba. Mashine moja ina namba mbili: nguvu ya kukaza na nguvu ya kufungua. Ya kufungua kwa kawaida ni kubwa zaidi, na ndiyo wanayoiandika kwa herufi kubwa. Mfano Makita DTW300: kukaza 330, kufungua 580. Ukilinganisha mashine mbili, linganisha kukaza na kukaza. Boksi likiwa na namba moja tu isiyosema ni ya nini, chukulia ni ya kufungua, tena ilipimwa betri ikiwa imejaa.

Dada Mwanaisha (hadiwea): Na tafadhali hakikisha ncha yake ni ya mraba, nusu inchi. Kuna ile fupi ya tundu la pembe sita, ya kupigia skrubu za mabati. Inafanana nayo na wengine huuza kama ni kitu kimoja. Ukiitia adapta ya soketi itagonga mpaka adapta ikatike, nati bado iko pale.

Salim wa Casuarina: Na sisi wa Land Cruiser 79 je? Rimu za chuma.

Fundi Kahindi: Hizo ni habari nyingine Salim. Rimu za chuma za 79 hukazwa kwa 209 Nm, mara mbili ya Probox. Wewe ndiye unayehitaji mashine kubwa, ya kukaza 500 kwenda juu, hasa zikishakula matope ya Tana na chumvi. Usinunue aina moja na Baba Rehema eti kwa kuwa ni jirani.

Mama Fatuma: Samahani kukatiza. Kuna mtu ana maji upande wa msikiti?

Salim wa Casuarina: Yamerudi tangu alasiri mama.

Ami Athumani: Nimesoma sasa hivi. Wanangu, hiyo 388V haiwezekani. Seli moja ya lithiamu ni volti 3.6. Ili ufike 388 unahitaji seli zaidi ya mia, betri ya kubebwa na punda. Ndani ya hizo betri mna seli tano kwa mstari: 5 mara 3.6 ni 18. Zikijaa kabisa kila moja hufika 4.2, jumla 21. Ndiyo maana mmoja anaandika 18V, mwingine 20V, mwingine 21V, na zote ni kitu kimoja. Hizo 88, 288, 388 ni namba za kuuzia tu.

Baba Rehema: Shikamoo ami. Sasa nitajuaje betri ni nzuri kama maandishi yenyewe si ya kuaminika?

Ami Athumani: Marahaba mwanangu. Ipime kwenye mizani. Seli ya kawaida, ile ya 18650, ina uzito wa gramu 45 hadi 48. Betri ya 4Ah au 5Ah (Ah ni ampea-saa, kiasi cha chaji inachobeba) yenye seli za namna hiyo huwa na kumi: jozi tano. Seli peke yake zinakaribia nusu kilo, na pamoja na plastiki betri hupita gramu 600. Ukipewa betri iliyoandikwa 6Ah na mizani inasoma 380, humo mna seli tano tu. Na seli moja ya ukubwa huo hata iwe bora namna gani haiendi mbali na 3.5Ah. Hesabu inajisema yenyewe.

Ami Athumani: Na hili si suala la kudumu chaji tu. Mashine hii hufanya kazi kwa kugonga: springi na nyundo ndani, nyundo inazunguka na kulipiga fuawe lililoshika soketi. Kila pigo linavuta umeme mwingi kwa ghafla. Seli tano zikivutwa hivyo volti zinaanguka, nyundo inapungua mwendo, na zile Nm zote zilizoandikwa zinapotea. Ndiyo maana mashine nzuri yenye betri ya 2Ah huonekana mbovu.

Baba Rehema: Drili yangu ni ya Ingco, 20V, ina betri ya 2Ah. Naweza kuitumia hiyo?

Dada Mwanaisha (hadiwea): Hapo umerahisisha. Nunua kichwa kitupu cha Ingco bila betri, halafu betri moja ya 4Ah au zaidi. Chaja unayo. Ile 2Ah ibaki ya drili. Ila njoo na drili dukani, tuijaribu betri kwenye kitako kwanza, kwa sababu kampuni moja yaweza kuwa na aina mbili za vitako na betri isikubali. Chagua yenye mota isiyo na brashi, yaani zile kaboni zinazosugua ndani, inavumilia joto zaidi na inatumia chaji vizuri. Ukichukua yenye brashi, tazama kama ubavuni kuna vifuniko viwili vya skrubu vya kubadilishia kaboni. Kama havipo, kaboni zikiisha inabidi ufungue mashine yote.

Baba Rehema: Nina elfu ishirini na tano kwa kila kitu.

Fundi Kahindi: Basi usianze na mashine. Toa kwanza pesa ya soketi nyeusi, pesa ya spana ya torki, ile inayopima nguvu ya kukaza, pesa ya miwani na vizibo vya masikio. Kinachobaki ndicho cha mashine. Najua watu hufanya kinyume: pesa yote kwenye mashine, kisha wanatia soketi za kung'aa walizonazo nyumbani. Hizo za kung'aa ni ngumu sana, hazipendi kugongwa. Hupasuka, na kipande kinaruka usawa wa uso. Nyeusi za kromu-molibdeni zinameza pigo. Tafuta maandishi Cr-Mo ubavuni. Cr-V ni za mkono.

Fundi Kahindi: Saizi: 21 ndefu yenye ukuta mwembamba kwa rimu za aloi, maana soketi nene inakwaruza tundu. Kisha 14, 17 na 19 kwa breki na shoka. Honda na Subaru nati zao ni 19. Ukiwa na mpango wa kutoa shafti, ongeza 30.

Salim wa Casuarina: Ekstensheni je? Mimi nimezoea kuunganisha mbili.

Fundi Kahindi: Moja fupi, nyeusi vilevile. Kila kiungo kinakula nguvu, kwa sababu chuma kinajisokota na kurudi kabla pigo halijafika kwenye nati. Ekstensheni ndefu na kiungo cha kupinda vinaweza kuifanya mashine ya 400 ishindwe na nati ya kawaida, ukadhani mashine ni mbovu.

Mama Fatuma: Mimi gari siendeshi lakini nauliza: kwa nini spana ya torki tena, na mashine imeshakaza?

Fundi Kahindi: Swali zuri mama. Mashine haijui imekaza kiasi gani. Nati moja yenye kutu na nyingine safi, ukibonyeza sekunde zilezile, moja inaweza kuwa 60 na nyingine 200. Diski ya breki inabanwa upande, baadaye breki zinatetemeka na mtu analaumu pedi. Kwa hiyo mashine ni ya kufungua, na ya kurudisha nati mpaka iguse rimu. Kukaza kwa mwisho ni kwa mkono.

Ifanye hivi. Gari mahali pa bapa, hendibreki, jiwe nyuma ya gurudumu la upande wa pili. Huku kwetu mchanga mwingi, weka kipande cha ubao mnene chini ya jeki. Gari lisimame juu ya stendi, usilale chini yake likiwa na jeki peke yake. Futa nyuzi za studi kwa brashi ya waya. Anza kila nati kwa vidole, izunguke mpaka igome. Ikikataa kwa vidole imeingia mshazari, itoe uanze tena, usiitie mashine. Kisha mashine kwenye mwendo wa chini, gusa na uache. Nenda kwa msalaba: Probox ya nati nne, moja halafu inayoitazama. Yenye nati tano, ruka moja moja kama nyota. Teremsha gari, weka spana kwenye 103, pitia zote mara mbili kwa mpangilio uleule. Baada ya kilomita 50 hadi 100 zipitie tena. Hiyo ni kwenda Watamu na kurudi.

Ami Athumani: Na spana ya torki irudishwe kwenye namba yake ya chini kabisa kabla ya kuwekwa, springi isichoke. Wala isitumike kufungulia.

Baba Rehema: Vipi nikipaka grisi kwenye studi ili kutu isirudi?

Fundi Kahindi: Hapana Baba Rehema. Ile 103 imepimwa kwa nyuzi kavu. Ukipaka grisi msuguano unapungua, na kwa 103 hiyohiyo studi inavutwa zaidi ya inavyopaswa. Grisi kidogo sana paka kwenye ukingo wa kitovu cha habu, pale rimu inapogandia. Isifike kwenye diski wala kwenye kikao cha nati.

Salim wa Casuarina: Na nati ikigoma kabisa na mashine inagonga tu?

Fundi Kahindi: Sekunde tano hadi kumi, acha. Ukiendelea unapasha moto mota na kuiviringisha nati. Pulizia mafuta ya kupenya kutu, subiri robo saa au zaidi. Jaribu kuikaza kidogo kwanza, pigo moja, halafu geuza kufungua. Kutu hupasuka kwa kwenda na kurudi. Ikikataa, mpini mrefu wa nusu inchi na mwili wako, gari likiwa chini. Nati za kufuli zenye ufunguo wake usizipige kwa mashine kamwe. Ule ufunguo ni laini, ukivunjika umebaki na kazi ya kuchomelea.

Baba Rehema: Na shafti? Kuna siku nitabadilisha buti la CV, ule mpira unaofunika kiungo cha shafti.

Fundi Kahindi: Nati ya 30, ile iliyogongwa ukingo wake ukaingia kwenye mfereji wa shafti. Inua ukingo huo kwa patasi kwanza, ama utaharibu nyuzi. Kuitoa mashine itasaidia sana, maana haihitaji mtu wa kukanyaga breki. Kurudisha: nati mpya, 216 Nm kwa spana ya torki, kisha uigonge ukingo tena. Hakikisha spana unayonunua inafika 216, nyingi zinaishia 210. Na gari lisisukumwe hata hatua moja nati hiyo ikiwa haipo. Beringi ya habu inaachia.

Mahali pa kutotia mashine kabisa: plagi, bolti ya kumwagia oili ya chini, bolti za kifuniko cha valvu, na kitu chochote kilichoingia kwenye aluminiamu. Bolti ya oili ni kama 37 Nm tu. Nyuzi za sampu, lile bakuli la oili chini ya injini, zikitoka, unanunua sampu.

Ami Athumani: Betri isiachwe ndani ya gari juani. Ikitoka kazini ikiwa moto, iache ipoe kivulini kabla ya kuichaji. Kama haitatumika kwa wiki kadhaa, iwekwe nusu chaji, nje ya mashine. Kwa wenye sola: betri ya 5Ah ni wati-saa 90 tu, si mzigo, ila chaja ya haraka yaweza kuvuta zaidi ya wati 200 kwa mpigo. Inveta iwe ya wimbi safi (pure sine wave).

Dada Mwanaisha (hadiwea): Na chumvi jamani. Kila ukimaliza, futa mashine kwa kitambaa kikavu, tone la oili kwenye ile ncha ya mraba, na brashi kavu kwenye meno ya betri. Yakiota kijani mashine inaanza kukatakata. Isiwekwe mchangani, matundu ya hewa ya mota yanavuta punje ndani.

Baba Rehema: Nimewaelewa wote, Mungu awalipe. Kwa hiyo kichwa kitupu cha nusu inchi, kisicho na brashi, kukaza 300 hadi 400. Betri ya 4Ah. Soketi 14, 17, 19, 21. Spana ya torki. Dada Mwanaisha, spana unazo?

Dada Mwanaisha (hadiwea): Ninazo za 28 hadi 210. Kwa magurudumu inakutosha. Ya shafti azima kwa Fundi Kahindi siku hiyo ikifika, usinunue kubwa kwa ajili ya nati mbili. Njoo kesho baada ya adhuhuri na drili yako pamoja na betri, na nati moja ya Probox tujaribu soketi. Kama rimu ni za aloi, nitumie picha ya tundu la nati usiku huu, nikutolee ile nyembamba.

Fundi Kahindi: Na hiyo betri ya 4Ah aiweke kwenye mizani kabla hajalipa.

Dada Mwanaisha (hadiwea): Mizani ya misumari iko hapo kaunta fundi, ataipima mwenyewe.