Mbona Malagarasi ina "the", Ziwa Tanganyika haina?

Mwana Kibirizi: Wakuu, nisaidieni. Nina boti hapa Kigoma, napeleka wageni Gombe. Juzi nimekesha naandika tangazo la Kiingereza. Nikaweka "the Lake Tanganyika", naona limekaa kibabe. Mgeni mmoja akachukua kalamu, akakata "the". Mstari wa chini nilikuwa nimeandika "Malagarasi River" kavukavu, hapo akaiongeza! Kumuuliza sababu, anacheka, eti masikio yake tu ndiyo yanamwambia. Yangu yamekulia Ujiji, yatajuaje? Hata "a boat" na "the boat" nabahatisha tangu shule ya msingi.

Jirani wa Reli: Mwaga "the" kila mahali, mkuu. Kwani wanalipia sarufi au nauli?

Mwalimu Mstaafu: Usimsikilize huyo. Nimefundisha Kiingereza Tabora hadi nimestaafu, na dawa niliyoiona inashika imo humu humu kwenye Kiswahili. Sema "nimenunua ndoo". Ndoo gani? Yoyote, msikilizaji haijui: "a bucket". Sasa sema "nimeinunua ndoo". Hapo ni ile tuliyokwisha kuiongelea: "the bucket". Kitenzi kikidai hiyo "i", weka "the". Ila pima kwa vitu, usipime kwa watu, maana hata mtu usiyemjua unasema "nimemwona".

Kama neno linaanza sentensi, kumbuka hadithi za bibi. "Palikuwa na sungura", hiyo "a". "Yule sungura akasema", hiyo "the". Wala hawajatuzidi kitu: "an" yao ilitokana na neno lao la "moja", na "the" ni ndugu wa "ile" yao.

Majina ya mahali ndiyo kukariri. Mito na bahari zinataka "the". Ziwa moja au mlima mmoja, hapana. Safu ya milima, ndiyo.

Muuza Asali Isevya: Mwalimu, nimechapisha lebo mia mbili: "This is a honey from Tabora". Nimeumia?

Mwalimu Mstaafu: Umeumia, binti yangu. Asali haihesabiki, sawa na maji. Futa "a". Ukiitaka sana, hesabu chupa: "a bottle of honey".

Muuza Asali Isevya: Natafuta wino mweusi.

Mwana Kibirizi: Shikamoo mwalimu. "Nimeipaka boti rangi", "the boat", imekubali! Sasa hili: kule kusini ni "the Mahale Mountains", sawa, ni safu. Mbona hifadhi yenyewe ni "Mahale Mountains National Park"? "The" imezama wapi?

Mwalimu Mstaafu: Marahaba. Hapo hutaji milima tena, unataja hifadhi, na hifadhi zetu za taifa kwa jina kamili kwa kawaida hazibebi "the". Gombe vilevile.

Mwana Kibirizi: Basi nakata. Hapo pa Mahale nimeshafuta mara nne, karatasi imetoboka.