Tupeane uzoefu: kuizuia Ebola mpakani, kuanzia ndoo ya klorini mpaka siku ya 21

Wakuu, uzi huu ni wa mbinu za kazi tu. Tuanze na Mpondwe, Uganda inapopakana na Kasindi ya Congo. Juni 2019 watu watatu wa familia moja waliotoka msibani Congo walithibitika kuwa na Ebola. Baadhi ya jamaa walikuwa wameshatengwa Kasindi wakaponyoka. Agosti 28 mtoto wa miaka 9 mwenye Ebola akanaswa palepale kwenye kituo cha ukaguzi. Mara zote mbili ugonjwa haukusambaa Uganda. Wahudumu wa afya karibu 4,700 walikuwa wameshachanjwa mapema. Na kituoni je?

Mzee wa Kizuizi: Usitegemee kipimajoto peke yake. Ebola hukaa siku 2 hadi 21 bila dalili, na aliyemeza panado anapita na 36.8 yake. Swali ndilo linalonasa: umetoka wapi, umemuuguza nani, umezika nani? Kipimajoto cha paji la uso kinataka kivuli, kikilala juani kinadanganya. Bodaboda aliyevua helmeti sasa hivi husoma juu, aliyelowa jasho husoma chini. Ukiona 38 na kuendelea, mkalishe kivulini dakika 10, pima tena kwa kifaa kingine. Ikibaki palepale, chumba cha pembeni, choo chake peke yake, muongee mkiwa mmeachana zaidi ya mita 1, ita gari la wagonjwa. Kumwambia "rudi ulikotoka" ndilo kosa kubwa, maana atavuka kwingine.

Fundi Klorini: HTH (unga wa klorini) ya 70%: kijiko kikubwa 1 kwa lita 20 unapata 0.05%, ya mikono. Vijiko 10 kwa lita 20 ni 0.5%, ya sakafu na matapishi. Koroga, acha dakika 30, mimina maji ya juu kwenye ndoo ya plastiki yenye bomba. Ukimimina na machicha, bomba linaziba. Funika, weka kivulini, kesho mwaga uchanganye upya. Usiitie dawa ya choo, hewa yake inakaba koo. Zaidi ya yote, weka alama, kijani ya mikono, nyekundu ya sakafu. Ndoo zikifanana, watu wananawa 0.5% kutwa nzima, ngozi inapasuka, kesho hawanawi kabisa.

Afisa Orodha: Siku 21 za kumfuatilia mtu zinahesabiwa tangu alipomgusa mgonjwa mara ya mwisho, si tangu alipoandikwa jina kwenye orodha. Aliyefua mashuka ya mgonjwa jana na aliyesalimiana naye wiki iliyopita hawamalizi siku ileile. Joto mara 2 kwa siku. Chanjo kwa waliomgusa, kisha waliowagusa hao.

Halafu posho! Mchuuzi wa soko ukimfungia ndani bila unga, maharage na mkaa, siku ya nne yuko njia ya panya, na orodha yako imekufa.

Mleta uzi: Kwa nini tusifunge mpaka tu, yaishe?

Mzee wa Kizuizi: Rwanda ilifunga upande wa Goma Agosti 1, 2019, ikafungua baada ya saa chache. WHO nao walishauri mipaka isifungwe. Pale Mpondwe mto Lubiriha una vivuko vingi, na biashara ya pande mbili haingoji mtu. Ukiwa na watu wa ziada, wapeleke huko alfajiri ya siku ya soko, na ndoo ya kijani mkononi.