Naomba ushauri: chambo cha mbao kinanyonya maji

Habari zenu wakuu. Nipo Ujiji, Kigoma, navua kuhe na sangara kwa chambo bandia, vile visamaki vya mbao. Kimoja kimepasuka tumboni, pale waya wa ndoano unapoingia. Maji yanapenya, mbao inavimba, rangi inabanduka.

Nimekianika kivulini hadi kikakauka, nikapiga msasa, nikaziba ufa kwa gundi nyeupe ya maseremala. Kukaa ziwani kidogo tu, gundi ikalainika. Fundi mitumbwi mmoja ananiambia nitumie epoksi, ile gundi ngumu ya kuchanganya sehemu mbili, ila nahofia uzito, kisije kikaogelea kiubavu (kuhe hadanganyiki kirahisi).

Je, epoksi niipake kwenye ufa tu au mwili mzima kabla ya rangi? Na kitundu cha waya kilicholegea nikijaze nini ili ushike tena?