Tulipie gharama za kujifungua mapema au tusubiri siku yenyewe?

Baba Mtarajiwa

Wakuu salaam. Mke wangu ana wiki 29, mimba ya pili. Ya kwanza ilifika muda wake na alijifungua kwa njia ya kawaida. Hospitali binafsi anakohudhuria kliniki inatupa njia mbili: tulipe kifurushi chote kabla ya wiki 32 tupate punguzo la asilimia 10, au nusu wiki ya 36 na nusu siku ya kuruhusiwa, bila punguzo. Bima tunayo, ila ina kikomo cha gharama za uzazi. Hela ipo, lakini ikitoka yote kwa mkupuo akiba inabaki nyembamba. Nilipouliza itakuwaje akijifungulia kwingine, nikaambiwa "mtaongea na uhasibu". Niangalie nini kabla sijatoa hela?

Zamu ya Usiku

Hilo la "mtaongea na uhasibu" kaongee nalo sasa, siyo baadaye.

Anza na orodha ya kilichomo, kwa maandishi. Usikubali kile kipeperushi cha mapokezi chenye picha ya mtoto anacheka. Taka orodha ya uhasibu, mstari kwa mstari. Kwa kawaida ndani utakuta kitanda cha wodi, leba, mkunga, daktari, glovu, nyuzi na dawa za kila siku. Yanayoachwa nje ndiyo yanayovimbisha bili: damu ya kuongezewa, dripu ya kuanzisha uchungu, ganzi ya mgongoni wakati wa uchungu, daktari wa watoto, oksijeni, mashine ya joto ya mtoto.

Maswali ya kuuliza kwa maneno haya haya:

Siku zinahesabiwaje? Kuna wanaohesabu saa 24 tangu kupokelewa, na kuna wanaohesabu kila ikivuka saa sita usiku. Mama aliyeingia saa tano usiku kwa hesabu ya pili ameshakula siku nzima ndani ya saa moja.

Saa inaanza kuhesabiwa lini? Uchungu ukianzishwa kwa dawa unaweza kuchukua siku moja hadi mbili kabla mtoto hajatoka. Kifurushi cha usiku mbili kinachoanza kuhesabiwa getini kinaweza kuisha yuko bado leba.

Akianza kwa kawaida halafu akaingizwa thieta, mnalipa tofauti ya vifurushi viwili, au leba inatozwa peke yake na upasuaji peke yake? Hapa ndipo watu huzozana dirishani kuliko mahali pengine popote.

Mtoto je? Akishalia tu anafunguliwa faili lake na bili yake. Manjano ya kawaida ya ngozi na macho huonekana siku ya 2 au ya 3, wakati mama wa uzazi wa kawaida mara nyingi ameshakwenda nyumbani. Mkirudi mtoto akawekwe kwenye taa, hayo ni malazi mapya.

Halafu angalia kundi la damu kwenye kadi ya kliniki. Kama ni hasi na mtoto akatoka chanya, mama anahitaji sindano ya kinga ndani ya saa 72. Ni ghali na si kila kifurushi kinaibeba.

Hesabu Kali

Mimi niseme la punguzo. Chukulia kifurushi ni 100. Ukilipa mapema unatoa 90. Mambo yakienda sawa umeokoa 10. Akijifungulia kwingine unapoteza kile watakachobaki nacho.

Wakibaki na yote, umepoteza 90. Punguzo hilo lina faida kwako ikiwa tu uwezekano wa kujifungulia kwingine uko chini ya asilimia 10. Wakibaki na nusu, yaani 45, mpaka huo wa asilimia 10 unasogea hadi kama 18. Wakikata sehemu ya tano, yaani 18, unafika kama 36. Unaona kwamba kifungu cha marejesho kina uzito kuliko punguzo lenyewe.

Sasa linganisha na maisha. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba takriban mtoto 1 kati ya 10 huzaliwa kabla ya wiki 37. Si wote wanahamishwa, lakini hospitali isiyo na chumba cha watoto njiti haitampokea mama mwenye uchungu wa wiki 31, itaandika rufaa. Kwa mkeo, aliyejifungua salama mara moja, hatari iko chini ya wastani. Chini ya wastani haina maana ya haipo.

Lipa Kwa Zamu

Mnamchanganya mtu bure. Asubiri siku yenyewe, alipe alichotumia, basi. Hela ikishaingia hospitali kuitoa ni kazi.

Zamu ya Usiku

@Lipa Kwa Zamu nusu nakubaliana nawe. Tatizo ni kwamba siku yenyewe haina adabu. Uchungu unaanza saa nane usiku wa Jumapili, benki imefungwa, simu ina kikomo cha kutuma kwa siku, mtandao wa kadi umelala, na hospitali nyingi binafsi zinataka amana kabla ya kulaza. Tarehe ya makadirio nayo usiiegemee: ni kama mtoto 1 kati ya 20 tu anayezaliwa siku hiyo hiyo. Lazima kuwe na kiasi ambacho kimeshatangulia. Swali ni kiasi gani, na lini.

Dirisha la Bima

Ndugu, kabla ya yote piga simu kwenye bima, kwa sababu jibu lao linaweza kuufunga mjadala huu. Bima nyingi hulipia huduma iliyokwisha kutolewa. Risiti ya wiki ya 31 ya huduma itakayotolewa wiki ya 39, kwao ni karatasi tu. Watataka ankara yenye mchanganuo na muhtasari wa kuruhusiwa, vyote vikiwa na tarehe ya baada ya kujifungua.

Jambo la pili ambalo halisemwi dirishani: bei ya kifurushi mara nyingi ni ya wanaolipa taslimu peke yao. Ukitoa kadi ya bima, wanaacha kifurushi na kutoza kitu kimoja kimoja kwa bei waliyokubaliana na bima. Hapo unaweza kujikuta kifurushi umelipa, bima nayo imetozwa, na wewe unasubiri kurudishiwa.

Kwa hiyo uliza bima: mnalipa hospitali moja kwa moja au mnanirudishia? Barua ya idhini inaombwa wiki ya ngapi? Kikomo cha upasuaji ni tofauti na cha kawaida? Mtoto anaingia siku ya kwanza au hadi asajiliwe, na usajili una siku ngapi? Majibu yaje kwa barua pepe. La simu halina shahidi.

Baba Mtarajiwa

Nimerudi na majibu. Uhasibu: akijifungulia kwingine wanarudisha asilimia 70 ya tulicholipa, kwa barua, ndani ya siku 60. Akifanyiwa upasuaji tunaongeza tofauti tu. Mtoto hayumo, isipokuwa uchunguzi wa kwanza na chanjo. Bima: wanarudishia baada ya kujifungua, kwa mchanganuo, na kifurushi cha taslimu wanakikubali mradi ankara ionyeshe kila kitu. Hospitali haina chumba cha watoto njiti.

Hesabu Kali

Watabaki na asilimia 30 ya 90, yaani 27. Mpaka wako sasa ni kama asilimia 27. Kwa karatasi, kulipa mapema kunakulipa.

Lakini soma tena hizo siku 60. Akihamishwa wiki ya 33, hospitali ya pili inataka amana siku hiyo hiyo, na zile 63 wanazokurudishia ziko kwenye foleni ya uhasibu kwa miezi miwili. Umesema mwenyewe akiba itabaki nyembamba. Mtu anayeweza kulipa hospitali mbili kwa wakati mmoja ndiye anayefaidi punguzo hili.

Zamu ya Usiku

Ndiyo maana ningekwenda kujadiliana, kwa sababu bei za vifurushi zinajadilika kuliko watu wanavyodhani. Omba kulipa theluthi moja sasa, iliyobaki kati ya wiki 36 na 37, na punguzo hata la asilimia 5. Wiki ya 36 nina sababu nayo. Kufikia hapo daktari anajua mtoto amegeuka kichwa chini au ametanguliza matako, na kama kondo lilikuwa limekaa chini, limeshapimwa tena kuona kama limepanda. Wiki ya 32 bado watoto wengi watageuka na makondo mengi yatapanda, kwa hiyo unalipia kifurushi cha kawaida ukiwa hujui kama ndicho utakachotumia. Na wiki ya 37 ikishafika, ile hofu ya njiti imepita.

Pembeni weka akiba isiyoguswa: tofauti kati ya kifurushi cha kawaida na cha upasuaji, ukiongeza siku tatu za mtoto wodini na gari la wagonjwa. Hiyo ya upasuaji usiipuuze. Duniani zaidi ya uzazi 1 kati ya 5 ni wa upasuaji. Na tafuta leo hospitali yenye chumba cha njiti iliyo karibu, ujue amana yao ni kiasi gani.

Lipa Kwa Zamu

Theluthi hiyo naikubali. Iandikwe "amana", isiandikwe "malipo kamili ya awali". Amana mara nyingi hukatwa kwenye bili yoyote ya hapo, hata ya kulazwa kwa malaria au shinikizo la damu. Kifurushi ni cha kujifungua tu. Waulize wao wanaitumiaje, wakuandikie.

Baba Mtarajiwa

Wamekubali theluthi sasa na iliyobaki wiki ya 37, punguzo asilimia 4. Kesho nakwenda kulipa. Kuna kingine?

Dirisha la Bima

Lipa kwa keshia au kwenye akaunti yenye jina la hospitali, kamwe si kwenye namba ya simu ya mhudumu. Risiti iandikwe jina la mkeo kama lilivyo kwenye kadi ya bima, herufi kwa herufi, na namba ya faili lake la kliniki. Ikiandikwa jina lako wewe mlipaji, usiku wa leba hawataiona kwenye mfumo, na bima itauliza kwa nini mwanamume amejifungua. Masharti ya marejesho yapigwe muhuri na kubanwa pamoja na risiti. Piga picha zote, nakala moja ibaki kwenye simu yake yeye.